Mama Mkwe Akiwa Kwenye Usukani

Pikapu yangu ina umri wa kuamkiwa shikamoo. Wanasema ilipotoka kiwandani ilikuwa nyeupe, nami naliamini hilo kama ninavyoamini mambo mengine ambayo sikuyaona. Nilipoinunua ilikuwa imeshapita mikononi mwa padri mmoja, wafanyabiashara wawili wa kahawa na mtu mmoja ambaye sidhani kama alikuwa na leseni. Kila mmoja aliiachia ugonjwa wake. Mimi nimerithi yote, lakini ulionitesa zaidi ya mengine ni usukani.

Usukani ulikuwa umelegea. Watu hulegea, mihogo iliyoiva hulegea, lakini ule ulilegea kwa namna yake. Ungeweza kuotesha mche wa mgomba katika ile nafasi kati ya kuuzungusha na gari kuitikia, na mkungu ukakomaa. Ukikata kulia Ijumbi, magurudumu yalipata habari Muleba. Nilikuwa naendesha kama mtu anayepepeta maharage, kushoto kulia, kushoto kulia, na gari lenyewe linakwenda mbele kwa hiari yake.

Ningeweza kuvumilia hayo yote maisha yangu yote. Ninaishi peke yangu Ijumbi, kwenye kibanja cha migomba na kahawa. Mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita na hatukujaliwa mtoto. Mtu wa namna hiyo akiingia mtaroni, mtaro ndio unaopata hasara. Lakini mara moja kwa mwezi pikapu ile ilikuwa inambeba mama mkwe.

Mama mkwe alikaa Izimbya, mwendo wa saa moja na robo kwa gari langu, dakika arobaini kwa gari la mtu mwingine. Ana presha, na kliniki yake iko Muleba. Basi kila siku ya kliniki nilitoka Ijumbi kabla ya jua, nikamfuata, nikampitisha kwangu, nikampeleka Muleba na kumrudisha. Alipanda nyuma. Tafadhali msinielewe vibaya. Kwa Wahaya wa umri wake, mkwe mwanamume na mama mkwe hawakai kiti kimoja, hawapeani mikono, na kutazamana usoni hufanywa kwa kuiba. Kebini ya pikapu ina kiti kimoja kirefu. Nilimwomba mara mia, au tuseme mara tatu, akae mbele, nikamwambia hata serikali inaruhusu. Alijibu, "Serikali haikuoa kwangu." Basi nilimfungia kiti cha mbao chenye egemeo nyuma ya kebini, kwa kamba za katani, na yeye akakaa juu yake amenyooka, mwavuli wazi, jua liwepo lisiwepo. Vijana wa bodaboda wakituona walipiga honi na kupaza sauti, "Pisheni, askofu yuko ziarani!" Naye aliwapungia mkono.

Tulipofika kwangu alishuka. Kaburi la binti yake liko nyuma ya nyumba, chini ya migomba, kama desturi. Alikwenda akakaa huko. Mimi nilikwenda upande wa pili na kupasua kuni, hata kama kuni zilikuwepo za kutosha mwaka mzima, ili asikie shoka na ajue kwamba simsikilizi. Akimaliza aliacha kizingitini akamwani, zile kahawa kavu za kutafuna, zimefungwa kwenye kipande cha jani la mgomba, kwa sababu kunipa mkononi haiwezekani. Nilizitafuna njia nzima hadi Muleba. Huo ndio ulikuwa ugeni wangu wote wa mwezi. Siku nyingine zote thelathini nilizungumza na redio.

Sasa niwaambie nilivyoharibu.

Mimi ni msomi. Nilisoma shule ya jioni, nikamaliza kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na sita, na fizikia nilipata D. Katika darasa letu lile la mabibi, madereva na mlinzi mmoja aliyekuwa akisinzia, D ya fizikia ilikuwa jambo la kuchinjia mbuzi. Basi mtu mwenye D anafungua boneti, anaona sanduku la usukani, na juu ya sanduku anaona skrubu yenye nati. Anafikiri: kilicholegea hukazwa. Nililegeza nati, nikaikaza skrubu mzunguko mmoja, nikaonja usukani, nikaona raha, nikaongeza nusu. Nilizunguka uwanjani mara mbili. Usukani ulikuwa umekaza kama wa gari jipya. Nilijisifu kwa sauti hadi kuku wakaniangalia.

Kesho yake nikamfuata mama mkwe. Baada ya Izimbya kuna mteremko wenye kona ya kushoto. Nikakata kushoto, gari likatii mara moja, nikafurahi. Kwa kawaida ukimaliza kona usukani hurudi wenyewe, kama mlango unaoachiwa. Ule haukurudi. Ulikuwa umebanwa mno na skrubu yangu, ukabaki pale pale ulipokunjwa, na kabla sijaurudisha kwa nguvu za mikono tulikuwa tumekwisha kuingia kwenye kibanja cha mtu. Tuliangusha mgomba wa kwanza, tukaangusha wa pili, wa tatu ukatuzuia.

Niliruka nje. Mama mkwe alikuwa bado kitini. Kamba za katani zilikuwa zimeshika. Mwavuli ulikuwa umegeuka nje ndani.

"Mae, umeumia?" Mae ndiyo mama kwa Kihaya.

"Mwavuli ndio umeumia," akasema. Kisha akatazama majani ya migomba yaliyomzunguka. "Tumefika Muleba?"

Mwenye kibanja akatokea na panga, akasimama akiangalia pikapu, akaniangalia mimi.

"Waitu, bwana, migomba yangu ilikukosea nini?"

"Ni usukani, ndugu yangu."

"Usukani! Na macho yalikuwa wapi?"

Walikuja watu, wakacheka, wakavuta gari kwa kamba, na kwa kuwa nyumbani kwa mama mkwe kulikuwa karibu, wakalikokota hadi uwanjani kwake na kuliacha hapo. Mama mkwe alirudi kwa miguu, akiegemea fimbo. Alipofika mlangoni alisema akiwa amenipa mgongo, "Mkwe wangu, mimi kwenye hilo sipandi tena."

Habari ilifika Mwanza kabla sijafika kwangu. Mwanawe wa kiume, shemeji yangu, anafanya kazi huko, na kwa miaka mitatu amekuwa akitaka mama yake akaishi naye. Mama alikuwa akikataa kwa sababu moja: hapa yuko binti yake, na mkwe anamfikisha. Jioni ile shemeji alinipigia.

"Shemeji, sina ugomvi na wewe," akasema. "Lakini nilipoambiwa mama yuko ndani ya migomba nilikaa chini hapa hapa kazini. Jumamosi ijayo nakuja. Nitaliendesha hilo gari mwenyewe. Nikikuta usukani ni ule ule, naondoka naye."

"Utakuta umepona."

"Haya. Jumamosi."

Nilikuwa na siku nane. Usiku ule nilimenya ndizi nane, kwa sababu mkono umezoea kumenya za watu wawili. Nne nilizila, nne nilizitazama.

Bukoba, gereji ya kwanza niliyoingia, kijana aliyevaa ovaroli safi alisikiliza habari zangu bila kuacha simu yake, akasema dawa ni kubadilisha sanduku zima la usukani, analo moja lililotumika. Aliponitajia bei nikamuuliza kama linakuja na gari lake. Hakucheka. Nikatoka, nikatembea nyuma ya soko nikiuliza, nikaelekezwa kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa amelala juu ya kipande cha boksi chini ya lori. Niliongea na viatu vyake.

"Ulikaza skrubu ya sanduku," viatu vikasema, kabla sijafika huko.

"Nilikaza."

"Kwa nini?"

"Usukani ulikuwa umelegea."

"Mzee wangu, mlango ukilegea bawaba, unakaza kufuli?"

Swali kama hilo halikuwemo kwenye mtihani wetu.

Alijivuta kutoka chini ya lori, akajifuta mikono, akanieleza taratibu kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Skrubu niirudishe ilipokuwa. Sanduku huenda ni zima kabisa. Mara nyingi kinachokufa ni kiungo kimoja kidogo kati ya sanduku na magurudumu, na watu wananunua gari zima kwa sababu ya kitu cha ukubwa wa kidole gumba. Magurudumu yabaki chini, injini izimwe. Mtu mmoja akae kwenye usukani autikise kidogo kidogo, kushoto kulia, asiuzungushe. Mwingine alale chini ashike kila kiungo kwa kiganja, kimoja baada ya kingine.

"Kiungo kizima husogea pamoja na mwenzake," alisema. "Kilichokufa huchelewa. Macho hayataona, mkono ndio utakaokuambia. Ukikipata, ng'oa hicho tu, uniletee hapa."

"Mtu mmoja juu, mmoja chini."

"Wawili. Hiyo si kazi ya mtu mmoja."

Nilipanda gari la abiria kurudi nikihesabu watu wawili ni akina nani.

Nilirudi Izimbya siku ya Jumatano. Nilikuwa nimechagua siku mbaya kuliko zote. Ilikuwa siku ya kupima kahawa kwenye chama, na Izimbya nzima ilikuwa huko na magunia yake, wakubwa, wadogo, na nadhani hata mbwa. Nilipiga hodi nyumba nne, nikajibiwa na mbuzi. Mama mkwe peke yake alikuwepo, kwa sababu ya magoti yake, ndani ya nyumba. Nilimsalimia kutoka uwanjani nikiangalia ardhi, nikamwambia nimetumwa na fundi wa Bukoba, akaitikia kutoka ndani, na mazungumzo yetu ya siku yakawa yamekwisha.

Kumwomba yeye hakukuniingia akilini. Fikirieni: mkwe alale chali chini, na mama mkwe akae juu yake! Mababu wangefufuka wote kwa pamoja, wakaanza kugombea nafasi ya kunichapa.

Basi nikafanya kazi ya watu wawili. Kwanza nilitikisa usukani halafu nikakimbia kuingia chini ya gari. Nilipofika, usukani ulikuwa umetulia zamani. Nikajaribu tena kwa kasi zaidi, nikagonga paji la uso kwenye mlango. Nikafunga kamba kwenye usukani, nikaipitisha dirishani, nikaivuta nikiwa chini. Kushoto ukakubali, kurudi kulia ukakataa, kwa sababu kamba huvuta tu, haisukumi. Nikafunga jiwe upande wa pili ili lirudishe. Jiwe likarudisha mara moja, kwa nguvu, likapasua taa ya ndani. Nikachukua kijiti kirefu cha kutegemeza mgomba, nikakipenyeza kwenye mlango wazi, nikawa nausukuma usukani kwa mguu huku mkono mmoja ukishika chuma. Nilikuwa nimejikunja kiasi kwamba sikuwa na hakika mguu ule ni wangu.

Hapo nikasikia kicheko.

Nilitulia kabisa. Nilikijua kile kicheko. Kilianza chini kama mtu anayekohoa, kikapanda, kikakatika ghafla kama kimeaibika. Sikukisikia kwa miaka mitatu, na katika miaka yote ya ndoa sikuwahi kujua kwamba mke wangu alikirithi kwa mtu.

"Tata," mama mkwe akasema kutoka mlangoni, akiniita baba kwa Kihaya, "unatafuta nini huko chini tangu asubuhi, kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

"Kiungo, mae. Kuna kiungo kimekufa."

"Na huyo fundi wa Bukoba alikuambia utumie jiwe?"

"Aliniambia watu wawili."

"Wa pili yuko wapi?"

"Alikuwepo, mae," nikasema. Kwa miaka kumi na tisa wa pili alikuwa binti yake. Kila tulipotoa upepo kwenye breki, mimi nililala chini na spana, yeye alikaa juu na kukanyaga pedali. Sikuwahi kuhitaji kumtafuta. Nilimwita jina tu.

Fimbo ikaanza kugonga ardhi, tok, tok, ikaja uwanjani, ikazunguka gari kwa mbali.

"Usitokeze kichwa," akasema.

"Sitokezi."

"Mpaka nishuke, na niingie ndani, na nifunge mlango."

"Ndiyo, mae."

Alipanda. Ilimchukua muda, na alimtaja Bikira Maria katika kila goti. Gari likainama kidogo upande wa dereva. Kutoka chini sikuona chochote ila mhimili, udongo mkavu na tone la oili lililokuwa likifikiria kuanguka.

"Sasa?"

"Shika usukani, mae. Utikise kidogo. Kushoto, kulia."

Akautikisa kama anayekoroga uji wa harusi.

"Kidogo, mae! Magurudumu yasiondoke!"

"Umesema nitikise."

"Kama unamtikisa mtoto aliyelala, umwamshe bila kumtisha."

Hilo alilielewa. Usukani ukaanza kwenda na kurudi, pole pole, sawasawa. Nikaweka kiganja kwenye kiungo cha gurudumu la kulia. Kilisogea pamoja na chuma chake, kizima. Nikashika mkono unaotoka kwenye sanduku, nao mzima. Nikajivuta kwa mgongo hadi katikati.

"Kwani alikuwa anakusaidia, yule?" mama mkwe akauliza juu yangu.

"Breki, mae. Alikuwa anakanyaga."

"Hakuniambia."

"Alikanyaga kabla sijasema kanyaga. Akaachia kabla sijasema achia. Tuligombana sana."

Usukani ulikwenda, ukarudi.

"Alikuwa hivyo," akasema. "Hata kuzaliwa, alizaliwa mkunga akiwa bado anavaa viatu."

Nilicheka, na vumbi likaniingia mdomoni. Tukaendelea. Alinieleza mambo ambayo hatukuwahi kuyazungumza, kwa kuwa kwa mara ya kwanza kulikuwa na bamba la chuma kati yetu na hakuna aliyelazimika kumkwepa mwenzake kwa macho. Alisema binti yake alipomwambia kwamba mchumba wake ana gari, yeye aliuliza, gari au pikapu? Alisema siku ya posa nilivaa tai iliyofungwa kama kamba ya mbuzi. Nikasema ni kweli, nilifungiwa na mwenye mbuzi.

Upande wa kushoto, upande wa abiria, kuna mkono mwingine wa chuma unaoshikilia vyuma vya usukani visining'inie. Mafundi wanauita aidla. Nilipouwekea kiganja, ulipanda na kushuka kabla ya kwenda pembeni, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Ndani yake kulikuwa na bushi, ile pete ya kuzuia chuma kisicheze, iliyolika hadi ikabaki kama ganda la yai.

"Nimekipata, mae! Basi, inatosha."

Usukani haukuacha. Ulikwenda kushoto kidogo, ukarudi kulia kidogo.

"Mae, tumekipata."

"Nimesikia," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kaa hapo kwanza."

Nikakaa. Tone la oili liliamua, likaniangukia shingoni. Usukani uliendelea kutikisika pole pole kwa muda mrefu, nami niliacha kiganja changu pale pale kwenye chuma kilichokufa, nikiusikia.

Alhamisi nilikwenda Bukoba na ule mkono wa chuma kwenye mfuko wa rambo. Bushi ya kununua haikupatikana. Gari langu limezeeka kuliko wauza vipuri. Fundi mzee akanipeleka kwa mwenzake mwenye mashine ya kuchonga, akachonga nyingine kwa plastiki ngumu nyeupe, akaipima, akaipunguza unywele, akaipima tena. Nililipa bei ya kuku, na kuku mwenyewe tetea mdogo. Fundi mzee akanipa pini mpya ya kuzuia nati, akaapa kwamba akisikia nimeweka waya badala ya pini, atakuja Ijumbi kwa miguu kunipiga.

Ijumaa niliifunga. Mama mkwe alisimama mlangoni, akinitazama kwa kuiba, akitoa maelekezo kama mtu aliyesomea. Niliigonga bushi ikaingia, nikapaka grisi, nikakaza, nikaweka pini. Kisha nikairudisha skrubu ya sanduku. Sikukumbuka kwa hakika nilizungusha kiasi gani, lakini rangi ya zamani ilikuwa imeacha alama pale nati ilipokuwa imekaa miaka yote, nikaifuata hiyo. Nikaendesha hadi shuleni na kurudi. Usukani ulishika. Katika kona ulikata, ukarudi wenyewe mikononi mwangu. Niliimba. Mtu yeyote aliyesikia kelele Izimbya Ijumaa ile, alikuwa mimi.

Shemeji alifika Jumamosi saa tano. Ni mtu mpole, mnene kidogo, mwenye macho ya dada yake, na hilo ndilo humfanya awe mgumu kukasirikiwa. Alichukua ufunguo bila kunywa hata chai. Akaenda peke yake hadi kwenye ile kona na mteremko, akarudi. Akazima injini, akabaki ameshika usukani.

"Umeunyoosha, shemeji," akasema. "Kweli kabisa. Afadhali kuliko wangu."

Sitadanganya: moyo wangu uliruka hadi Kamachumu ukarudi.

"Basi mama anabaki," nikasema.

Akashuka, akafunga mlango taratibu. "Mimi niliahidi. Nimekuta umepona, simchukui. Tumwulize mwenyewe."

Mama mkwe alikuwa amekaa barazani, na kando yake, nililiona wakati huo tu, palikuwa na begi. Lilikuwa limefungwa. Zipu haikutosha, akaongezea kamba.

"Mae," nikasema, nikiangalia begi, "gari limepona."

"Nimeliona. Limepona vizuri. Nimemwambia kila aliyepita njiani kwamba nilishika usukani mwenyewe." Akanyoosha mguu mmoja, kwa mikono miwili, kama anayehamisha gogo. "Na haya magoti, mkwe wangu? Yule mchongaji wa Bukoba anaweza kunichongea?"

Hakuna aliyecheka, ingawa alitungoja tucheke.

"Jumatano kushuka kwenye gari lako kulinichukua nguvu zote," akasema. "Nililala hadi jioni sikuweza kuwasha moto. Wewe ulikuwa umekwenda. Nilikula ndizi mbivu moja." Kisha akaongeza kwa haraka, "Si kosa lako. Sikutaka niondoke ukidhani ni kosa la gari. Ndiyo maana nilingoja umalize."

Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilisema jambo fulani kuhusu kumletea mtu wa kumpikia, nikasema ningehamia hata mimi, nikajenga kibanda kwenye kibanja chake, kwa mbali, nyuma ya mibuni, ambapo hatungeonana. Nilikuwa nimekwisha kukiezeka hicho kibanda kwa maneno. Aliniacha nimalize hadi mlango na dirisha.

"Na kaburi utamwachia nani?" akauliza.

Jumatatu niliwapeleka Muleba. Tulipita Ijumbi. Alikaa nyuma ya nyumba muda mrefu, na shemeji akakaa naye, na mimi nikapasua kuni. Stendi ya Muleba basi lilikuwa tayari linanguruma, kondakta anapiga bodi kwa kiganja akisema "Mwanza hiyo, Mwanza!" kana kwamba Mwanza ingehama. Tulimpandisha, shemeji akivuta, kondakta akisukuma, yeye akiwaelekeza wote wawili. Alipata kiti cha dirishani. Hakunipungia mkono, alinitazama usoni, bila kuiba, hadi basi lilipokata kona.

Nilirudi polepole. Zamani, kwenye barabara ile, mikono haikuwa na nafasi ya kupumzika. Ukiusahau usukani kwa sala moja fupi unaamka mtaroni. Sasa gari lilikwenda lenyewe, limenyooka, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya usukani sina kazi. Sikuwahi kuona barabara ya Muleba kwenda Ijumbi ilivyo ndefu. Nilisoma kila kibao. Niliwasalimia watu nisiowajua.

Nilikuwa nimekwisha kufika uwanjani kwangu na kuzima injini simu ilipolia. Nyuma ya sauti ya mama mkwe nilisikia basi na mtoto wa mtu anayelia.

"Tata, umefika?"

Mbele yangu kulikuwa na mlango wangu, kufuli likiwa mahali pake, na rundo la kuni la kutosha miaka miwili.

"Bado, mae," nikasema. "Niko njiani."

"Basi nisikate. Endesha, nami nitakuwepo hapa hapa mpaka ufike."

Nikaweka simu kwenye dashibodi, sauti juu, nikashika usukani kwa mikono miwili.